Wakaao Kiti cha Nyuma

Mzazi mmoja alikuja ofisini kwetu, akaketi, akanyamaza kitambo kidogo, kisha akatuuliza: "Padre, ni kosa kumpa mtoto televisheni ndani ya gari?" Tulidhani anatania. Twapokea maswali mengi ya wazazi, juu ya ada za shule, juu ya ndoa, juu ya urithi. Lakini swali la namna hiyo hatukuwahi kulipata. Tulikuwa karibu kumjibu kwa maneno mawili matatu na kumwacha aende zake. Bahati njema hatukufanya hivyo, maana alipoendelea kueleza tulifahamu kwamba swali lake si dogo, tena si lake peke yake. Kwa ruhusa yake twaliweka mbele ya wasomaji wetu, bila kumtaja jina.

Habari yenyewe ni hii. Mtu huyu ni mzaliwa wa Tabora, afanyaye kazi Dar es Salaam. Ana watoto watatu. Mkubwa ana miaka kumi na mitatu, na mdogo ana sita. Alinunua gari lililotumika, kutoka Japani, lenye vioo vya televisheni vilivyofungwa mgongoni mwa viti vya mbele. Wengi wetu twayajua magari hayo. Hufika kwetu yakiwa bado yanasema Kijapani: ramani zake ni za Japani, redio yake imefanywa kwa masafa ya huko, yaanziayo megahezi 76, hata stesheni nyingi za kwetu hazisikiki, na televisheni yake yatafuta mawimbi yasiyofika Tanzania hata siku moja. Basi vioo vile vya nyuma vilikuwa pambo tu, mpaka fundi mmoja alipomshauri anunue kifaa kidogo cha kuleta picha kutoka katika intaneti, kama vile Chromecast au Fire TV Stick.

Kifaa hicho hakikizidi kidole cha mkono kwa urefu. Huchomekwa katika tundu la HDMI la kioo, hupata umeme kwa waya wa USB, na picha hukijia kwa njia ya simu ya mzazi iliyowashwa hotspoti. Mwanzoni kilikuwa kikizimika na kuwaka tena, kwa sababu tundu la USB la gari lilitoa nusu ampea tu, nacho chataka ampea moja au zaidi. Fundi akakihamishia kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kikatulia. Filamu yenye picha safi sana hula kiasi cha gigabaiti 3 za bando kwa saa moja. Baba akashusha ubora wa picha, ikatosha gigabaiti moja hivi. Kila mtoto akapata hedifoni yake. Kwa mara ya kwanza, akasema, familia ilitoka Dar es Salaam mpaka Dodoma bila ugomvi wala kilio.

Safari hiyo ilikuwa ya Noeli. Ndani ya gari alikuwamo pia baba yake mzazi, mzee aliyekuwa ametoka kutibiwa mjini na sasa anarudishwa nyumbani. Mzee aliketi kiti cha kati pamoja na wajukuu. Alikuwa amefanya kazi ya reli kwa miaka mingi, na nchi yote kutoka Saranda hadi Tabora aliijua kama mtu ajuavyo uwanja wa nyumba yake. Lakini watoto walikuwa wamezibwa masikio na katuni, naye ni mtu mpole; akatazama dirishani.

Walipoipita Itigi na kuingia katika pori, mtandao ulikatika. Picha zikaganda. Watoto wakavua hedifoni wakalalamika. Hapo mzee akasema, "Wajukuu zangu, babu yangu mimi alipita nchi hii kwa miguu, akiwa na mzigo begani, akienda pwani." Yule mdogo alikuwa bado analia. Baba, aliyekuwa amechoka kwa kuendesha tangu alfajiri, akakumbuka kwamba ana flashi yenye katuni za akiba. Akasimamisha gari, akaichomeka, kilio kikakoma. Mzee hakuendelea. Walifika Tabora salama, wakala sikukuu, wakarudi Dar es Salaam. Mwezi Machi mzee akafariki dunia.

Siku chache baada ya mazishi, yule mtoto wa miaka kumi na mitatu alimwuliza baba yake: "Baba, yule babu yake babu, alifika pwani?" Kumbe mtoto alikuwa amesikia. Baba hakuwa na jibu. Hakulijua hata jina la yule mpagazi. Ndilo jambo lililomleta ofisini kwetu.

Haki ya kupumzika

Yatupasa kwanza kusema yaliyo upande wa mzazi huyu, maana ni rahisi mno kumhukumu mtu aliyekwisha kujihukumu mwenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni zaidi ya kilometa 800. Barabara ya lami imefika, na jambo hilo ni la kushukuriwa, lakini kilometa hazikupungua. Mtoto wa miaka sita aliyefungwa mkanda tangu kabla ya jua kuchomoza hana namna ya kukunjua miguu. Kilio chake humvuta dereva ageuke nyuma, na dereva ageukaye nyuma aweza kuwaua wote. Mzazi atafutaye utulivu garini ana sababu ya haki, tena sababu nzito.

Hata wanateolojia wakubwa hawakuona mchezo kuwa uovu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na kwamba burudani ya kiasi ni pumziko lake. Akaiita fadhila, si udhaifu. Alisimulia habari ya kale ya Mtume Yohane, aliyeonekana akijiburudisha na wanafunzi wake, watu wakashangaa. Yohane akamwuliza mmoja wao aliyekuwa na upinde kama angeweza kuuvuta mfululizo bila kuulegeza. Yule akajibu kwamba ungevunjika. Basi, akasema Yohane, ndivyo ilivyo roho ya mtu. Naye Papa Pio wa 12, katika waraka wake wa tarehe 8 Septemba 1957 uliohusu sinema, redio na televisheni, alianza kwa kuvisifu vyombo hivyo kuwa paji la Mungu kwa njia ya akili ya mwanadamu, kabla hajaonya lolote. Sisi nasi hatutaanza kwa laana.

Wala tusiseme kwamba watu wa zamani walikuwa bora kwa sababu walitembea kwa miguu. Njia ile ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, haikuwa shule ya furaha. Waingereza Burton na Speke waliingia Tabora, iliyoitwa wakati ule Kaze, mwezi Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi, wa pembe za ndovu au wa nguo na shanga, katika nchi zenye kiu na ndui. Wengine walikwenda kwa hiari na kwa ujira, tena kwa fahari, maana kijana aliyekwisha kuiona bahari alirudi kwao akiwa mtu mzima. Wengine walikwenda wakiwa wamefungwa shingo, nao hawakurudi kamwe. Kitukuu cha watu hao akiketi juu ya kiti laini, na upepo baridi ukimpuliza, hana sababu ya kuona haya. Bila shaka wahenga wake wangefurahi kumwona hivyo.

Jibu lililo jepesi mno

Basi swali ni nini? Wako watakaosema: chombo hakina kosa, kosa ni la mtumiaji. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Jembe nalo ni chombo. Ukichoka kulima hulitupa chini, nalo hulala pale pale. Mashine hii hailali. Katuni moja ikiisha, nyingine yaanza yenyewe kabla mtoto hajanyanyua macho. Waliozitunga programu hizo wamezitunga hivyo kusudi, kwa kuwa faida yao ni kutazamwa. Chombo cha namna hii kina mwelekeo wake, kama mto. Mtu aweza kuupanda mto kwa kasia, lakini akiacha kupiga kasia hatabaki mahali alipo.

Tena, tofauti na vyombo vilivyotangulia, hiki humpa kila mmoja wake. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, mtaa mzima ulikusanyika kwenye nyumba yenye seti. Watu walibanana dirishani, wakabishana, wakacheka pamoja. Katika mabasi yetu ya safari ndefu kioo huning'inia mbele, kondakta ndiye achaguaye, na abiria wote hutazama, wapende wasipende. Ni ubaya wa namna yake, maana mama aliye na watoto hana pa kuwaficha macho kama filamu ni ya aibu. Hata hivyo watu hamsini wakicheka kwa pamoja, wamekwisha kuwa kundi moja. Katika gari la familia, pamoja na hedifoni, watu sita husafiri safari sita. Mwili mmoja uko Itigi, roho ziko mahali pasipo na jina.

Hapo ndipo twaanza kulikaribia jambo lenyewe. Swali si kama katuni ni njema au mbaya. Zile alizotueleza mzazi huyu zilikuwa njema, hazina matusi wala mapigano. Swali ni hili: saa ile, kati ya Itigi na Tabora, ilikuwa ya nani?

Usikivu ni deni

Tumezoea kuhesabu madeni ya fedha na ya kazi. Hatukuzoea kuhesabu deni la masikio. Lakini Mtakatifu Thoma, yule yule aliyeutetea mchezo, alifundisha pia kwamba heshima kwa wazazi na kwa nchi iliyotuzaa ni sehemu ya haki. Hakuiweka katika hiari ya moyo mwema. Sababu yake ni wazi: kwa wazazi na kwa nchi yetu tumepata vitu ambavyo hatuwezi kuvilipa sawasawa, na kwa hiyo tunabaki wadeni. Kumsikiliza mzee anaposema habari za nchi yake ni malipo kidogo ya deni hilo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, Waisraeli waliagizwa wawafundishe watoto wao amri za Mungu waketipo nyumbani na hata watembeapo njiani. Njia ilihesabiwa kuwa mahali pa mafundisho, kwa sababu njiani watu wako pamoja, hawana pa kwenda, na kila kilima chazusha swali.

Katika nchi yetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, imehifadhiwa nyumba ya tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, kisha peke yake mpaka mwezi Agosti akingoja wapagazi. Wageni huja kuitazama, na ni vyema. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii ya misafara katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Na hilo ni jema. Lakini wapagazi wenyewe, waliopita maelfu kwa maelfu kila mwaka, nyumba yao ya makumbusho iko wapi? Livingstone alipofariki mwaka 1873, watu wake waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi Februari 1874. Susi na Chuma twawakumbuka. Wenzao wengi waliotembea nao, nani kati yetu aweza kuwataja? Mzungu aliandika kitabu, Mwarabu aliandika hesabu zake, lakini mpagazi alisimulia tu. Makumbusho yake ni kinywa cha mjukuu. Kinywa hicho kikifungwa, nyumba imebomoka, na hakuna serikali wala shirika la kigeni liwezalo kuijenga tena.

Kwa hiyo twasema kwamba saa ile haikuwa ya watoto peke yao, waijaze wapendavyo. Haikuwa ya baba peke yake, aigawe apendavyo ili apate utulivu. Ilikuwa pia ya mzee, na ilikuwa ya yule mpagazi asiye na jina, na ilikuwa ya wajukuu watakaozaliwa na watoto hawa. Mtu aweza kutoa sadaka mali yake, hawezi kutoa mali ya mwenzake.

Lakini tuangalie deni hili ni la nani. Si la mtoto wa miaka sita. Mtoto huyo hajui bado kwamba babu ana habari. Kwake katuni na babu ni vitu viwili tu, naye huchagua kile chenye rangi nyingi zaidi. Mwenye deni ni yule aliye katikati, aliyemjua mzee na aliyemzaa mtoto. Katika misafara ya zamani alikuwapo mtu aliyeitwa kirangozi. Alitangulia mbele na bendera, aliijua njia, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Hakuwa tajiri wa msafara, wala mali haikuwa yake. Mara nyingi alikuwa na mzigo begani kama wenziwe. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba watu wote wanapita njia moja na kufika pamoja. Leo kirangozi ni yule aliyeshika usukani. Yeye huamua gari lisimame wapi, na yeye huamua kioo kiwashwe lini.

Aliyoungama mzazi

Tulipofika hapo katika mazungumzo, mzazi yule akatuambia neno lililotufanya tufikiri upya. "Padre," alisema, "nilipokuwa mtoto tulisafiri na mzee kwa garimoshi mara nyingi, kwa sababu alikuwa mtu wa reli. Hapakuwa na kioo wala hedifoni. Tulikaa siku nzima na usiku kucha. Pale Saranda tulinunua kuku, tukala. Nami sikumwuliza chochote."

Twalipenda neno hili kwa ukweli wake, maana lazuia tusiitupie mashine dhambi zetu zote. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tangu siku hizo watu wamelala, wamecheza karata, wamesoma magazeti, likiwamo hili letu, huku wazee wao wakitazama dirishani. Uzembe wa kutouliza ni wa zamani kuliko umeme. Na tuseme pia, kwa haki, kwamba si kila mzee hutoa nafasi ya kuulizwa. Wako ambao habari zao zote ni makaripio, na mtoto aliyekaripiwa kutoka Manyoni hadi Tabora atakuwa na sababu ya kuitafuta hedifoni. Sisi mapadre nasi tusijitoe. Mara ngapi tumepanda gari la parokia pamoja na katekista aliyetumikia kanisa tangu hatujazaliwa, nasi macho yetu yako juu ya simu mpaka tunashuka?

Hata hivyo kuna tofauti, nayo ni hii. Yule mtoto wa zamani katika garimoshi hakuuliza, lakini alichoka. Na uchovu ule wa kukosa la kufanya, ambao leo twaukimbia kama ugonjwa, ulikuwa mlango. Mtoto aliyechoka huhesabu nguzo za simu, huona kichuguu, huona mzinga wa nyuki juu ya mti, na mwishowe huuliza, "Kile ni nini?" Mara nyingi mlango ule haukufunguliwa, lakini ulikuwapo. Kioo cha nyuma ya kiti huujenga ukuta mahali pa mlango. Pori la Itigi lilipokata mtandao, mlango ulifunguka kwa dakika chache, na mzee, mwenye subira ya watu wa reli, akaingia mara moja. Flashi ndiyo iliyoufunga.

Twamjibu nini?

Je, alitenda dhambi? Tulimjibu kwamba dhambi yataka kujua na kukubali. Yeye hakujua kwamba baba yake angefariki, hakumdharau, tena alikuwa akimpeleka nyumbani kwa upendo na kwa gharama zake. Lakini tukamwambia pia kwamba si kila hasara ni dhambi, wala si kila asiye na dhambi hana la kulilia. Mtu aweza kupoteza kitu cha thamani kwa mkono safi. Huzuni yake ni ya haki. Asiifiche kwa kusema "ilikuwa bahati mbaya," wala asiikuze mpaka ikawa mzigo wa kumwangusha.

Tena hasara haijakamilika. Mzee ana dada yake, yu hai, akaa kijijini upande wa Igalula, na akili zake ni timamu. Huenda analijua jina la yule mpagazi; huenda halijui. Simu ile ile iliyotoa hotspoti yaweza kuinasa sauti yake, ikahifadhiwa hata watoto watakapokuwa wazee. Hapo mashine itakuwa imelipa sehemu ya iliyochukua.

Kwa wazazi wengine wenye vioo hivyo, au wanaofikiri kuvifunga, hatutoi amri. Kila familia ina watoto wake na barabara yake, na kanuni moja kwa wote ingekuwa ya kijinga. Yapo mambo machache tu ambayo tunayaona kuwa ya busara. Kioo kisiwe mahali ambapo dereva aweza kukitazama. Hilo ni jambo la uhai na mauti. Mapatano juu ya saa za kutazama yafanywe kabla ya kuondoka, watoto wakiwa wametulia, maana sheria itungwayo katikati ya kilio haidumu. Mtoto asifundishwe kwamba kila mara anapochoka mtu mwingine atamwondolea uchovu. Atakapokuwa mtu mzima hatakuwapo wa kumfanyia hivyo, naye atautafuta uondolewaji huo mahali pabaya. Na siku ambayo mzee yumo ndani ya gari, kifaa kibaki mfukoni, angalau mpaka mzee mwenyewe asinzie.

Jambo jingine ni kufika. Wako watoto wanaovua hedifoni mbele ya mlango wa bibi. Wanashuka garini kama watu walioamshwa usingizini; bibi anawaamkia "Mwangaluka," wao wanamtazama baba yao awatafsirie. Anawaletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo, kama wasemavyo wengi, vimeupa mji wa Tabora jina lake. Wao wanauliza kama kuna chipsi. Bibi hucheka, lakini tumewaona mabibi wakicheka hivyo, kisha wakaingia ndani na kukaa kitambo. Kama kioo kingezimwa saa moja kabla ya kufika, na mama akatumia saa hiyo kuwafundisha salamu moja na majina ya watu watakaowakuta, watoto wangeshuka wakiwa wamekwisha kuingia katika nchi wanayoiendea. Si kazi kubwa, lakini hakuna kifaa kitakachoifanya kwa niaba yetu.

Yule mzazi aliondoka kwetu akiwa bado na swali la mwanawe. Likizo ya mwezi Juni atawachukua watoto wote watatu mpaka Igalula. Hakusema kwamba atakiuza kifaa chake, wala sisi hatukumshauri akiuze. Njia ni ndefu, na mdogo bado ana miaka sita. Alisema tu kwamba flashi ile ataiacha nyumbani, na kwamba wakifika kwenye lile pori baada ya Itigi, mtandao ukikatika, hatasimamisha gari.